Geukeni, Ni Zamu ya Mama

Kwao walimwita Kitinda kwa sababu alizaliwa wa mwisho, na jina likamganda hata alipoanza kuota mvi. Ofisini walijaribu kumwita kwa cheo chake wakashindwa, maana hakuna aliyejua cheo chenyewe ni kipi. Kazi yake ilikuwa kuchukua mchezo wa karata ambao watu wameucheza mezani tangu enzi za bibi na babu, kuuchambua kipande kwa kipande, kisha kuuandikia kanuni ambazo mashine ya gemu, ile ya kuunganisha na televisheni, ingeweza kuzifuata. Fundi wa programu alizigeuza kanuni hizo kuwa maagizo. Mchoraji alichora karata. Meneja alikuja kila asubuhi kuuliza kama imekwisha, akakaa kwenye kochi kusubiri jibu, na kochi lilikuwa limebonyea upande wake.

Chumba chao kilikuwa ghorofani, juu ya duka la dawa, kiasi kwamba harufu ya dawa ya kikohozi ilipanda ngazi pamoja nao. Ndani mlikuwa na televisheni kubwa ukutani, pedi za kuchezea zilizofungwafungwa kwa gundi ya karatasi, na meza zilizojaa vikombe ambavyo kila mtu aliapa si vyake. Watu wakisikia kwamba kuna mtu analipwa kucheza karata huwa wanacheka. Wacheke tu. Wangejaribu wao kukaa na jamaa wa nyumba mbili tofauti wakawauliza ree, ile karata ya A, inafanya kazi gani, wangekimbia na viatu mkononi. Kila nyumba ina kanuni zake, na kila nyumba inaamini kwamba majirani wanacheza uongo. Mashine nayo haina subira na mabishano. Inataka jibu moja tu.

Mwaka ule walikuwa wanautengeneza mchezo ambao karibu kila familia inaujua. Unagawiwa karata saba, na anayezimaliza kwanza ndiye mshindi. Unaweka kopa juu ya kopa, au saba juu ya saba. Mbili inamlazimisha anayefuata kuokota karata mbili. Nane ni turufu: ukiiweka unaita aina unayoitaka, kopa, uru, pau au shupaza, na wote wanakufuata wapende wasipende. Kitinda aliandika haya yote bila kutoa jasho, kwa sababu alikuwa ameyanyonya pamoja na maziwa.

Lakini kwao kulikuwa na kanuni moja ambayo hakuiandika, wala hakumwambia Meneja. Kwao kuchungulia karata za mwenzako kulikuwa ruhusa. Si ruhusa ya kufumbia macho. Ruhusa kamili, sehemu ya mchezo, tena sehemu tamu kuliko zote. Ulichungulia kwenye miwani ya mwenzako, kwenye kijiko, kwenye dirisha jua likiwa limekaa vizuri. Aliyekukamata alipiga kelele, "Jicho!" na wewe ukaokota mbili. Aliyekusingizia aliokota yeye. Na ukikamatwa hukani. Mtu wa nyumba ile angeweza kuiba siku nzima akala chakula chake vizuri, lakini kukana baada ya kukamatwa ilikuwa aibu ya kusimuliwa mpaka harusini.

Bingwa wa wote alikuwa Mama. Alikuwa amestaafu kazi ya kupiga chapa mahakamani, ambako kwa miaka mingi alikaa mbele ya meza ya hakimu akiandika maneno ya mashahidi bila hata mara moja kutazama vidole vyake. Vidole vilifanya kazi yao na macho yakafanya yake. Alijua nani anadanganya kabla hakimu hajafungua faili. Akirudi nyumbani, akavua viatu, akachanga karata, watoto walijua wamekwisha. Kaka yake Kitinda, mwalimu wa udereva mwenye sauti ya mtu aliyezoea kupiga kelele "Breki! Breki!", aliwahi kucheza akiwa amejifunika shuka mpaka kichwani, na bado Mama akamwambia ana malkia wawili.

Kila Jumapili mchana Kaka alikuja na mkewe, wifi yake Kitinda, mwanamke mpole wa kuonekana na mwizi hodari wa kuzaliwa. Walikula, wakaondoa vyombo, wakaibiana mpaka jua linapunguza ukali. Ndivyo ilivyokuwa mpaka mambo yalipoanza kwenda kombo.

Kwanza Mama alianza kutazama pembeni. Ukizungumza naye, macho yake yalikuwa kwenye sikio lako au begani. Wakacheka: bibi kizee kapata mbinu mpya, anachungulia vioo ambavyo sisi hatujaviona! Kisha akaanza kuweka karata zisizofaa. Aliweka uru juu ya kopa kwa utulivu kabisa, kama mtu anayeweka kikombe mezani. Kaka alivunjika mbavu. "Mama, sasa unaiba hata bila haya!" Wifi akapiga makofi. Mama naye akacheka, akaokota mbili. Jumapili iliyofuata aliweka pau juu ya shupaza, wakamshangilia tena. Iliyofuata kichwa kilimuuma. Iliyofuata alisema karata ni mambo ya watu wasio na kazi, akaenda chumbani kulala, na tangu hapo hakukaa mezani tena.

Familia nyingine yoyote ingejiuliza kuhusu macho. Familia ile, yenye kuona wizi kila mahali, iliona wizi. Kitinda, aliyekuwa akilala chumba cha jirani na cha mama yake, hakuona kitu kingine zaidi yao, na baadaye jambo hilo lilimuuma kuliko yote.

Walijaribu kucheza bila yeye. Ikawa kama kula chakula cha hospitali. Kaka alikuwa akitazama mlango wa chumba cha Mama kati ya zamu na zamu, kisha siku moja akasema ana kazi ya gari, hakuja. Kitinda alitaka kitu kimoja tu, na alikitaka kwa moyo wake wote: Mama arudi mezani. Hakuwa na haja ya Mama wa kukaa kochini akiulizwa kama amekunywa chai. Alimtaka yule wa malkia wawili chini ya shuka.

Ofisini nako kulikuwa na fundo ambalo halijafunguka. Televisheni ni moja na wachezaji ni wanne. Ukionyesha karata za mtu kwenye kioo, wote wanaziona. Wakakata shauri kwamba meza iwe kwenye televisheni na kila mchezaji ashike karata zake kwenye simu yake, kama vile amezishika mkononi. Meneja alifurahi mpaka akasimama kutoka kwenye kochi. Akawaambia kila mtu aipeleke nyumbani akaijaribu na watu wake.

Kitinda aliipeleka siku ya kazi, jioni mapema, akiwa na Mama peke yao. Aliunganisha nyaya, akampa Mama simu. Mama aliisogeza mpaka karibu na pua, akaigeuza huku, akaigeuza huku, kisha akairudisha.

"Simu hii ina vumbi," alisema.

Kitinda aliifuta kwa ncha ya blauzi. Haikuwa na vumbi.

"Bado," alisema Mama. "Cheza wewe, mimi nitakutazama."

Kitinda aliguna moyoni, akafikiri ni ukaidi wa kawaida. Ili mama yake apate cha kutazama, aliwasha ule ukurasa wa mafundi ambao huonyesha karata za mchezaji wazi kwenye televisheni, kubwa, moja ikienea kiasi cha sinia. Alianza kucheza dhidi ya mashine. Alikuwa anasita kati ya karata mbili aliposikia sauti nyuma yake.

"Usiweke hiyo tisa. Weka kopa sita. Huyo mashine ana pau nyingi, huoni anavyozibania?"

Aligeuka. Mama alikuwa ameinama mbele, viwiko magotini, uso umewaka. Alikuwa anatazama pembeni kidogo mwa televisheni, ukutani, na bado alizisoma karata zote saba bila kukosea hata moja. Kitinda alitazama simu ndogo mkononi mwake, akatazama zile karata za ukubwa wa sinia.

Aliifuata jikoni ile sauti ya viatu vya Mama alipokwenda kuweka maji ya chai, akasimama mlangoni.

"Mama, tangu lini?"

Mama alikuwa amempa mgongo. Alipapasa kifuniko cha birika, akakiweka mahali pake. "Tangu mambo ya uru na kopa. Nilikwenda kliniki mwenyewe. Daktari anasema katikati ya jicho kunakufa polepole, pembeni kutabaki. Nikikutazama usoni naona doa. Nikitazama sikio lako ndipo ninakuona wewe. Miwani haisaidii, wameshanipima."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Mlikuwa mnacheka, mkisema Mama anaiba. Nikaona afadhali niwe mwizi." Alifungua bomba, akalifunga. "Sasa nisikilize. Usimwambie kaka yako. Kaka yako akijua atanihurumia, na huruma ya kaka yako ina kelele."

Kitinda aliahidi.

Kesho yake alikwenda kwa fundi wa programu akamwambia anataka mtindo wa pili wa kucheza: bila simu. Kila mtu zamu yake ikifika, karata zake zitokee kwenye televisheni, kubwa kadiri ya kioo, na wengine wote wageuke watazame ukuta. Akishacheza, karata zinafichwa, wanageuka tena.

"Hata mtoto mchanga anaweza kuiba kwenye mchezo huo," alisema fundi wa programu.

"Ndiyo," alisema Kitinda.

Fundi alimtazama, akaona uso wake, akavuta kiti. Ilimchukua siku chache. Aliweka na maandishi ya kutokea kabla ya kila zamu, GEUKENI, makubwa kama ya bango la barabarani.

Hapo ndipo Kitinda alipofanya kosa lake. Aliogopa. Alimwaza Kaka akiropoka katikati ya mchezo, Mama akinyanyuka, na safari hii mlango ukifungwa moja kwa moja. Basi alimpigia simu, akamweleza kila kitu, na kumwomba afanye kama hajui. Kaka, ambaye Kitinda hakuwahi kumsikia akinong'ona, alinong'ona, "Niachie mimi. Nitamwambia na wifi yako."

Jumapili wakaja. Kitinda aliupanga mchezo kama jambo la ofisi: wanaombwa kuujaribu, wanahitajika watu wanne, Mama tusaidie. Mama aliuliza karata zitakuwa kubwa kiasi gani, akaambiwa. Akavuta kiti chake karibu na televisheni, akakaa, akaweka mikono yake mapajani kama alivyokuwa akikaa mbele ya taipureta. Kitinda alipomwona ameketi pale, furaha ilimjaa.

Wakagawiwa. Zamu ya kwanza ilikuwa ya Mama. GEUKENI, ilisema televisheni, nao wakageuka.

Na jinsi Kaka alivyogeuka! Aligeuka na kiti chake chote, akafumba macho, akaweka na kiganja juu yake. Wifi aliinamisha kichwa kama mtu aliye msibani. "Tumegeuka, Mama," alitangaza Kaka. "Chukua muda wako. Hakuna haraka."

Mama alicheza. Alibonyeza pedi kwa dole gumba, taratibu mwanzoni, kisha kwa uhakika. Zamu ikaenda kwa Kaka, kwa Wifi, kwa Kitinda, ikarudi kwa Mama. Kila Mama alipocheza, Kaka alisema, "Vizuri sana, Mama." Alisema hivyo hata Mama alipoweka karata mbaya. Yule mtu aliyewahi kumlaani mama yake mzazi kwa ajili ya ree moja alikaa pale akisema vizuri sana, vizuri sana, kwa sauti anayowapa wanafunzi wake wanaogonga ukingo wa barabara.

Kwenye mzunguko wa tatu ilikuja zamu ya Kaka. Televisheni ikawaamuru wengine wageuke. Kitinda aligeuka, na alipogeuka macho yake yaliangukia kabati la vyombo lililokuwa nyuma ya meza. Milango yake ilikuwa ya kioo, na ndani ya kioo kile aliiona televisheni yote, kinyumenyume lakini safi. Akamwona na Mama.

Mama hakuwa amegeuka. Alikuwa ameketi vilevile, uso umeelekea televisheni, akizitazama karata za Kaka waziwazi. Hata hakujificha. Alikohoa kidogo. Kaka alimtazama, akaona karata zake zinatazamwa, akageukia televisheni na kucheza karata yake kama kawaida. Wifi, ambaye alikuwa amechungulia kwa pembe ya jicho, aliona pia, akainamisha kichwa zaidi.

Hakuna aliyesema "Jicho!"

Mama alingoja. Kitinda alimwona kwenye kioo akingoja, kichwa kimeinama upande, kama mtu aliyebisha hodi na kusikia watu ndani wasiofungua. Kisha uso wake ukazimika. Alicheza zamu yake iliyofuata kwa haraka, bila kufikiri, akaweka pedi mapajani.

"Mchezo mzuri," alisema. "Kazi nzuri, mwanangu. Tukimaliza huu nitakwenda kujinyoosha kidogo."

Kitinda alielewa, na kuelewa kwenyewe kulimchoma. Walikuwa wamemrudisha Mama kwenye kiti, basi. Mezani hakuwepo. Akinyanyuka safari hii hakutakuwa na televisheni yoyote duniani, ya ukubwa wowote, itakayomrudisha.

Zamu ya Kitinda ilikuja. Alikuwa na nane mbili na kopa kadhaa. Akaweka nane ya kwanza. "Kopa!" aliita, kwa mbwembwe za zamani, akipiga meza. Kaka alimkata jicho la kumwambia apunguze sauti.

GEUKENI, ikasema televisheni. Zamu ya Mama. Kaka akafunika macho. Wifi akainama. Kitinda akageukia kabati la vyombo, akapiga moyo konde, na akachungulia.

Alichungulia kikwelikweli. Hakuigiza, kwa sababu mama yake alikuwa amewaona mahakamani waigizaji hodari kuliko yeye. Alizisoma karata za Mama kati ya vikombe na sahani: kopa tatu, kopa tisa, mfalme wa kopa. Kopa tupu. Mama aliweka tatu, akabaki na mbili. Kaka akaweka kopa. Wifi akaweka kopa. Mezani palikuwa na kopa, mkononi mwa Kitinda palikuwa na kopa, na Mama alikuwa anapumulia ushindi.

Kitinda akaiweka nane ya pili.

"Shupaza," alisema.

Kaka aligeuka nusu, hajaelewa. Mama alikuwa ameinua pedi, akaishusha tena. Akatazama mahali fulani juu ya bega la Kitinda.

"Rudia," alisema Mama.

"Shupaza."

"Sasa hivi, zamu yako iliyopita, uliita kopa. Uliita mpaka vikombe vikalia. Mtu haiti kopa kama hana kopa. Kopa iko mezani, wewe unayo mkononi, kisha unaichoma nane nzima kuikimbia?" Sauti yake ilikuwa inapanda ngazi, na kila ngazi ilikuwa ya miaka ya nyuma. "Nani kakuambia mimi nina kopa tupu? Eh? Nani kakuambia? Jicho! Jicho, mwizi mkubwa wewe!"

"Nimechungulia," alisema Kitinda. "Kwenye kabati la vyombo."

"Kwenye kabati la vyombo!" Mama alipiga goti lake kwa kiganja. "Vyombo vyangu mwenyewe!"

Kaka alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Wewe Kitinda una roho gani? Una roho gani wewe? Unamwibia Mama, na macho yenyewe..."

Alikwama hapo. Maneno yaliyobaki aliyameza, lakini yalikuwa yameshachungulia mlangoni.

"Macho yenyewe yamefanya nini?" aliuliza Mama.

Wifi aliokota kiti cha mumewe akakisimamisha.

"Kumbe mnajua," alisema Mama. Akamgeukia Kitinda, akalitazama sikio lake, na hivyo akamtazama usoni. "Nilikuomba kitu kimoja."

"Uliniomba, Mama. Nikaogopa, nikamwambia. Nisamehe."

Mama alipangusa pedi kwa upindo wa gauni lake, ingawa haikuwa na kitu. Aliposema, alisema na wote.

"Mmenigeuzia migongo mchana huu wote, na hakuna hata mmoja aliyeniibia. Nimemkodolea macho huyu, karata zake zote, mbele yenu. Nimekohoa hata. Mkanyamaza." Aliiweka pedi mezani. "Nilijiona nimeshakufa, na nyinyi mmekuja kunizika kwa adabu."

"Tulitaka upumzike," alisema Kaka. Ile sauti ya breki ilikuwa haipo. "Mimi nilikucheka, Mama. Siku ile ya uru. Ulikuwa huoni na mimi nilikucheka. Tangu niambiwe silali vizuri."

"Na mimi nilicheka. Ilikuwa kichekesho. Uru juu ya kopa, mbele ya watu!" Mama alimnyooshea mkono, ukapita pembeni kidogo, na Kaka akausogelea. "Usinihurumie mezani. Unihurumie kwenye ngazi, unihurumie barabarani, hapo sitakataa. Hapa mezani niibie, kama mama yako."

Kaka alifuta pua kwa nyuma ya mkono, mtu mzima na ndevu zake. Wifi ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheka, kicheko cha kupasuka kilichochanganyika na machozi, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba, kwa kuwa leo ni siku ya kusema kweli, yeye alikuwa amechungulia tangu mzunguko wa kwanza, kupitia katikati ya vidole.

"Na ulinyamaza!" alisema Mama. "Wewe ndiye mbaya kuliko wote."

Walitaka Kitinda aokote mbili zake, ndipo wakagundua kwamba mashine haina kitufe cha adhabu hiyo. Kitinda alijaribu huku na huku, mashine ikamjibu kwa mlio kwamba si zamu yake. Wakabishana. Kaka alidai aokote zamu yake ikifika. Wifi akasema ni lazima sasa hivi la sivyo haina uchungu. Mama akasema kifaa kisichojua kumwadhibu mwizi hakijui karata, na Meneja wake aambiwe hivyo. Kitinda alisema atamwambia. Hakuwa anasikiliza sana. Alikuwa anamtazama mama yake, aliyesogeza kiti mbele na kuuweka uso wake pembeni mwa televisheni, akiwa na hasira ya kweli na furaha iliyojaa mashavuni, na aliona kwamba angeokota karata zote za pakiti bila kulalamika.

Mama hakushinda. Wifi ndiye aliyeshinda, na hakuna aliyeweza kueleza jinsi gani. Walipomaliza, Kitinda alipokuwa anakunja nyaya na Kaka anatafuta funguo za gari, Mama alimwita Kaka pale pale mezani.

"Alhamisi nina kliniki," alisema. "Mara zote nimekuwa nikienda mwenyewe. Ile barabara ya mbele yake sasa siioni vizuri, magari yanatokea kwenye doa. Unipeleke."

"Nitakupeleka, Mama."

"Na usinishike mkono mpaka nikuambie."

"Sawa, Mama."

"Nikikuambia, ushike."

Kaka alisema atashika. Alisimama pale na funguo mkononi, akizipigapiga pajani, mpaka mkewe alipomwambia gari liko nje na haliji ndani lenyewe.